Mkizibua mtaro, tope lisilale ukingoni

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mitaa mingi ya Dar es Salaam watu hutoka na makoleo kuzibua mitaro. Kisha tope linarundikwa pembeni, kila mtu anarudi kwake. Mvua moja tu ya masika, lote limerudi mtaroni, na kazi mliyoitolea jasho imekwenda na maji.

Kwa hiyo tafuteni usafiri kabla ya kushika koleo. Mwambieni mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mapema, mchangishane kidogo, mwenye guta au mkokoteni aje asubuhi hiyo hiyo. Tope mtie kwenye viroba, nusu tu. Tope bichi ni zito, na kiroba kilichojaa hakuna atakayekinyanyua.

Anzeni chini, kule maji yanakoelekea, mpande taratibu. Mkianzia juu, maji yatateremka na uchafu hadi penye kizuizi na mtafanya kazi mkiwa mmesimama ndani yake. Vaeni buti na glavu, maana vigae vya chupa na sindano havionekani.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini chupa za maji bado ndizo zinazoziba makalavati. Ziwekeni kando. Waokota chupa watazichukua bure, tena kwa furaha.

Na mama lishe wa jirani akimwaga makombo mtaroni, msimfokee. Mpeni ndoo yenye mfuniko ya kuyawekea, mkubaliane nani ataimwaga jioni.