Jinsi ya kutumia "contravene" kwenye barua ya kiofisi

Tangu wizara zihamie Mtumba, hapa Dodoma, watu wanaoniletea rasimu za barua za Kiingereza hapa steshenari wameongezeka. Wanataka nizinyooshe kwanza, ndipo nizichape. Neno linalowapiga chenga kuliko yote ni contravene.

Hatua ya 1: Pima kama unalihitaji.
Maana yake ni kukiuka sheria, kanuni au masharti. Asili yake ni Kilatini: contra, dhidi, venire, kuja. Linafaa kwenye notisi na uamuzi wa kamati ya nidhamu. Mwanafunzi akichelewa namba, broke the rule inatosha kabisa.

Hatua ya 2: Angalia kinachokiukwa.
Lazima kiwe sheria, kanuni au masharti. Mtu hakiukwi, kwa hiyo usiandike he contravened his neighbour. Haki za mtu zinachukua violate au infringe, mkataba unachukua breach. Anayekiuka, kwa upande wake, si lazima awe binadamu. Hata uzio unaweza. Katiba yetu nayo inalitumia "kukiuka" hivyo hivyo: Ibara ya 64(5) inasema sheria nyingine ikikiuka masharti ya Katiba, itakuwa batili kwa kadiri inavyokiuka.

Hatua ya 3: Futa kihusishi kinachofuata.
Hapa ndipo kalamu yangu nyekundu inapokwisha wino. Tumezoea kusema "kwenda kinyume na sheria", basi ile "na" inatufuata mpaka kwenye Kiingereza. Chukua rasimu kama hii:

Your kiosk has contravened against the by-law.

Against iondoke. Kisha tazama wakati: kibanda bado kimesimama pale pale barabarani, kwa hiyo ukiukaji unaendelea. Tunabaki na:

Your kiosk contravenes the by-law.

Fupi, na mwenye kibanda hana pa kuchomokea. With na to nazo futa. Ukiwa hapo hapo, kagua tahajia, contravine haipo.

Hatua ya 4: Ukitaka nomino, of inarudi.
The kiosk was built in contravention of the by-law. Hati za mashtaka hupenda contrary to, nayo ni sahihi. Ila in contrary of ni chotara, usiichape.

Hatua ya 5: Taja kifungu.
Jina la sheria, mwaka, namba ya kifungu. Barua inayosema tu umekiuka kanuni, bila kusema ipi, mimi naiita vitisho, na aliyeandikiwa atashindwa hata kujitetea.

Na kama barua inakwenda kwa mama anayeuza mboga Majengo, Kiingereza cha nini? Marekebisho ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Andika "kibanda chako kinakiuka kifungu fulani cha sheria ndogo", weka namba, gonga muhuri.