Msanii unataka kutoa raba zako? Mchoro sio kitu cha kwanza

Nimekuwa nikifuatilia hizi kolabo za wanamuziki na makampuni ya viatu miaka mingi, raba naipenda kuliko kitu chochote cha kuvaa, kwaiyo nikiona msanii kapost mchoro wa kiatu chenye jina lake nafurahi alafu hapo hapo naingiwa na wasiwasi, mana mara nyingi ndo kitu cha kwanza alichofanya na mengine yote bado. Ngoja nielezee inavyokwenda, na mfano wangu mkubwa ni Kanye West, rapa wa Marekani, na raba zake za Yeezy, kwasababu pale utaona mtu alivyopanda na pia alivyodondoka.

Kwanza vaa. Yani kabla hujaongea na kampuni yoyote watu wakuzoee na kiatu cha aina fulani mpaka wakikiona wakukumbuke wewe. Kundi la rap la Run-DMC wa Queens, New York, walikuwa wanavaa Adidas Superstar bila kamba, wakaitolea na wimbo kabisa, alafu mwaka 1986 kwenye shoo ya Madison Square Garden wakawaambia mashabiki wanyanyue viatu juu, na mle ndani kulikuwa na mtu wa Adidas anaangalia raba za kampuni yake zimejaa hewani, ndo dili likaja. Kanye nae alifanya hivyo hivyo kwa njia yake, mwaka 2008 alipanda jukwaa la tuzo za muziki za Grammy na pea ya majaribio ya Air Yeezy ambayo haikuwa hata dukani, Nike wakaitoa 2009 watu tayari wanaisubiri. Ile pea ya Grammy iliuzwa 2021 kwa dola milioni 1.8. Raba moja tu aliyoivaa usiku mmoja!

Sasa hapa kwenye hela ndo naomba usome taratibu. Kuna kulipwa uvae, na kuna kulipwa kwa kila pea inayouzwa, yani mrabaha, na tofauti yake ni kubwa sana. Kanye 2013 alisema redioni kwamba Nike walimwambia hawawezi kumpa mrabaha kwasababu yeye sio mwanamichezo, akaondoka akaenda Adidas ambao walikubali. Pesa ya mkupuo mkononi inavutia, najua, hasa ukiwa na madeni ya video na studio, lakini kiatu kikipendwa kinauzwa miaka na miaka na wewe utakuwa ulishamaliza hela yako mwaka wa kwanza. Kama kampuni inakuambia chukua hiki kiasi basi, uliza kila pea napata asilimia ngapi, inahesabiwa kwenye bei ya jumla au ya rejareja, na nani ataniruhusu nikague mahesabu. Wakikataa swali la mwisho, mpe mwanasheria wako karatasi kabla hujashika kalamu.

Ukishamalizana na hapo tafuta watu wanaojua kutengeneza viatu kweli. Msanii analeta jicho na ladha, soli hajui. Yeezy walikuwa na Steven Smith, mzee aliyechora raba ya Instapump Fury ya Reebok miaka ya tisini, na Adidas walileta teknolojia yao ya Boost, ile soli laini yenye vidonge vidonge. Na kama bajeti ni ndogo usianze na soli mpya, kwasababu soli mpya inataka kalibu yake, yani kifaa cha kuipa umbo, tena kila saizi na kalibu yake, hela itaishia humo kabla hujashona pea moja. Chukua umbo lililopo ubadilishe kitu kimoja kionekane. Rihanna na Puma walifanya hivyo 2015, wakachukua Suede, kiatu cha toka 1968, wakakiwekea soli nene wakakiita Creeper, kikaisha haraka sana na 2016 kikapewa tuzo ya kiatu cha mwaka na jarida la Footwear News. Mimi naona ndo akili kubwa kuliko zote kwenye hii biashara.

Toleo la kwanza lifanye dogo. Yeezy Boost 750 ilitoka Februari 2015 kwa dola 350, zilianza pea 9,000 tu New York na ziliisha ndani ya dakika kama kumi. Walanguzi watanunua na kuuza bei juu, hilo halizuiliki, na mwanzoni linasaidia jina, ila usikae hapo milele mana shabiki wako wa kweli atachoka kukosa kila siku. Yeezy baadae waliongeza mzigo, na 2020 wakatoa Foam Runner kwa dola 75, mtu wa kawaida nae akavaa.

Alafu jina. Oktoba 25, 2022 Adidas walivunja mkataba na Kanye kwasababu ya maneno yake ya chuki dhidi ya Wayahudi, na siku ile ile wakatangaza kwamba michoro yote ya viatu vilivyotoka ni mali yao. Jina Yeezy likabaki kwake, viatu vikabaki kwao. Adidas walisema faida yao ya mwaka ule inaweza kupungua kwa kiasi cha hadi euro milioni 250, stoo zimejaa mzigo, na Kanye nae kapoteza kiwanda, duka na mrabaha kwa pamoja. Kwaiyo kwenye mkataba wako iandikwe wazi jina la nani, mchoro wa nani, mkiachana mzigo uliobaki unauzwaje. Na kifungu cha tabia, kile kinachoruhusu kampuni ikuache ukiharibu, kitakuwepo, kisome, mana mdomo wako ni sehemu ya bidhaa.

Jina kalisajili mapema, kabla hujaliimba kwenye wimbo, viatu na nguo vipo kundi la 25 la alama za biashara. Tanzania bara ni BRELA, Kenya ni KIPI, na Zanzibar wana usajili wao BPRA, ukisajili Dar hujasajili Unguja, wengi hawalijui hili.

Mwisho kabisa ndo sampo, yani pea za majaribio. Agiza pea chache za saizi tofauti, usiwape marafiki wapige nazo picha, wape madansa wako wazivae mazoezini na jukwaani mwezi mzima, wazifue, wanyeshewe nazo, mana hakuna mtu anaekunja kiatu kama dansa. Soli ikiachia au kitambaa kikichanika pale kidole gumba kinapokunjika, rudisha kiwandani warekebishe, omba sampo nyingine, wape tena madansa, na zikipita hapo ndo uweke oda.