Somo: Kupanga mshahara wa 650,000 ukiwa unaishi peke yako Dar es Salaam

Swali la namna ya kupanga mshahara nimewajibu vijana wengi wanaoanza kazi, mmoja mmoja na kwa maneno yale yale, hivyo nimeona niliandike mara moja kwa ukamilifu. Mfano wangu ni wa mtu anayelipwa shilingi 650,000 kwa mwezi, asiye na mwenza wala mtoto, aliyepanga chumba kimoja pembezoni mwa jiji.

Hatua ya kwanza. Anza na fedha inayoingia mkononi, si ile iliyoandikwa kwenye mkataba. Mchango wa NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 ni 65,000. Kodi ya mapato, inayokokotolewa kwenye 585,000 zilizobaki, ni 33,000. Na kama ulisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, ambayo hapa ni 97,500, hukatwa pia. Unabaki na 454,500.

Hatua ya pili. Kwa mwezi mzima andika kila unachotumia, hata mia mbili ya maji.

Hatua ya tatu. Tenga fedha ya pango siku ile ile mshahara unapoingia. Hapa ndipo nilipoanguka. Chumba changu kilikuwa cha 80,000, na mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, yaani 480,000, mbali na kodi ya mwezi mmoja aliyoichukua dalali. Awamu ya kwanza mjomba alinisaidia, kisha nikaishi miezi mitano kana kwamba sina pango, nikijiona nina ziada. Jioni moja ya mwezi wa sita, binti wa mwenye nyumba alikuja na kaunta buku, akalifungua juu ya mfuniko wa ndoo yangu ya maji mlangoni, akaweka kidole kwenye tarehe bila kusema neno. Nilikuwa na 80,000 tu. Nikakopa 400,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, ile mikopo tunayoiita kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Kwa miezi minne nilitoa 120,000 kila mwezi na deni likabaki 400,000 lile lile; riba peke yake ilifika 480,000, sawasawa na pango la nusu mwaka.

Kwa hiyo nakusihi: fedha ya pango isikae kwenye simu, kwa sababu fedha ya simu hutoka kwa vidole viwili usiku wa manane. Ifungulie akaunti ya pili ya benki isiyo na kadi. Wala usiipeleke kwenye kikoba, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, kwa kuwa huko hukopeshwa wanachama wengine, na siku utakayoihitaji inaweza isiwepo.

Hatua ya nne. Gawa 374,500 zilizobaki baada ya kutenga 80,000 ya pango. Chakula 6,000 kwa siku ni 180,000, nauli ya daladala 1,400 kwa siku 26 ni 36,400, umeme na maji 20,000, nyumbani kwa wazazi 40,000, akiba ya dharura 40,000, michango ya harusi na misiba 20,000, bando 15,000. Zinabaki 23,100 za sabuni, nguo na kunyoa.

Maswali ya wasomaji

Swali: Mimi napata laki tano, nipangie na mimi.
Jibu: Ndugu, hukutaja pango, nauli, wala kama unakatwa na Bodi. Fanya hatua ya kwanza na ya pili, kisha urudi na tarakimu zako.

Swali: Haya ni ya watu wasiotegemewa. Sisi wengine tuna wazazi.
Jibu: Mimi pia ninaye mama, na 40,000 yake imo kwenye hatua ya nne. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kuhukumu.

Swali: Shikamoo kaka. Umekataza kikoba; je, upatu nao haufai kwa pango?
Jibu: Marahaba mdogo wangu, na nashukuru kwa swali hili, maana sikuligusa. Upatu unaweza kufaa kuliko hata benki, ukiupanga vizuri. Watu sita mkitoa 80,000 kila mwezi, anayepokea anapata 480,000, yaani pango lako kamili, na zamu yako inarudi kila baada ya miezi sita kama pango linavyorudi. Omba zamu ya mwezi unaolipia. Hatari yake ni mtu kupokea mapema kisha kuacha kutoa, kwa hiyo cheza na watu mnaofanya kazi pamoja au mnaojuana hadi nyumbani, na mpya apokee mwisho.

Swali: Chakula cha 6,000 kwa siku kinatosha kweli? Mama ntilie peke yake ananimaliza.
Jibu: Kinatosha ukila kwa mama ntilie mchana tu na kujipikia usiku. Mimi nina mtungi wa gesi wa kilo 6. Maharage huyaloweka tangu usiku wa kuamkia Jumapili ili yasinimalizie gesi.

Swali: Na asiye na friji je? Maharage niliyopika yalichacha siku ya pili.
Jibu: Dada, pika nusu kilo badala ya kilo nzima, usiyaunge yote kwa pamoja, na uyachemshe asubuhi na jioni hadi yatokote. Usichote kwa kijiko ulicholia. Kitunguu, nyanya na nazi viongeze kwenye sehemu unayokula siku hiyo tu, kwa sababu nazi ndiyo inayochachua sufuria nzima.