Kuandaa ubao na kupaka rangi: chapa ya rangi tatu kwa mbao za msindano

Wengi wanaokuja karakana kwangu hapa Iringa kujifunza kuchapa kwa ubao wa kuchonga huanza na maswali ya rangi. Wino gani? Nichanganyeje? Mbona chapa yangu ina madoa meupe? Mimi huomba kwanza niupapase ubao wenyewe. Mara nyingi doa lile lilikuwemo ndani ya ubao kabla kopo la wino halijafunguliwa. Ndiyo maana nitakaa sana kwenye mbao. Ukiitendea haki mbao, rangi haitakusumbua.

Tutachapa picha moja: nguzo za Isimila, zile za udongo zilizochongwa na mvua pale korongoni, upande wa barabara ya kwenda Mbeya. Rangi ni 3, na kila rangi ina ubao wake: njano ya anga, kahawia ya nguzo, nyeusi ya mistari. Picha iwe sm 20 kwa 30, imesimama.

Hatua ya 1: Chagua ubao, kisha uuache ukauke

Huku kwetu mbao si tatizo. Kutoka msitu wa Sao Hill kule Mufindi, msindano unafika kila mji wa nyanda za juu. Tatizo ni kwamba mbao nyingi za sokoni bado mbichi, na zile zilizopasuliwa kwa dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao inayohamishwa msituni, unene wake hubadilika kutoka ncha hadi ncha. Usimwamini muuzaji akikwambia umekauka. Ushike, unuse (ubao mbichi unanuka utomvu mkali), halafu utazame kichwa chake, pale msumeno ulipokata. Pete za mti zikiwa zimesimama wima kutoka uso hadi uso, chukua huo. Ubao wa namna hiyo haupindi ovyo, na usoni nyuzi zake zinakwenda mistari iliyonyooka. Pete zikiwa zimelala kama upinde, ubao utabenuka, na usoni utapata michoro ya mawimbi. Mawimbi hayo ni mazuri kwa picha ya vilima. Kwa nguzo zetu tunataka mistari iliyonyooka.

Kagua vifundo pia. Kifundo ni kigumu kuliko mbao inayokizunguka, kinavunja makali ya patasi, na utomvu wake unakataa wino. Kikiwa pembeni, kikate. Kikiwa katikati, acha ubao huo.

Nyumbani panga mbao zako kivulini, kila moja ikitenganishwa na nyenzake kwa vipande vyembamba ili hewa ipite juu na chini. Usianike juani, zitapasuka vichwani. Kila wiki pima kipande kimoja kwenye mizani ya jikoni na uandike uzito wake juu yake kwa penseli. Uzito ukigoma kushuka kwa wiki mbili mfululizo, mbao zimekubali hewa ya mahali pako na unaweza kuanza kazi.

Nasisitiza hili kwa sababu liliniumiza. Miaka ya mwanzo niliagizwa chapa 30 za rangi mbili. Ubao wa kwanza ulikuwa mkavu. Wa pili niliununua kwa haraka, umepasuliwa wiki ileile, nikauchonga hivyo hivyo. Nilichapa njano, nikasubiri ikauke, na nilipotandika karatasi juu ya ubao wa pili, ubao ulikuwa umepungua upana kwa karibu milimita 3. Kila nguzo ilikuwa na ufa mweupe upande mmoja. Karatasi zote 30 ziliharibika, na mteja hakurudi. Kwa hiyo kumbuka: mbao husinyaa kwa upana, kukatisha nyuzi, lakini kwa urefu haibadiliki sana. Mbao zote za picha moja ziwe na nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Kwetu zisimame wima, kama nguzo zenyewe.

Ubao wa anga hauna haja ya nyuzi, na hapo plaiwudi ya milimita 9 inatosha. Matabaka yake yamepishana, hivyo haisinyai. Ubao wa mistari myeusi ni habari nyingine. Msindano humeguka kwenye mistari myembamba, kwa hiyo mimi hutumia mringaringa, ambao unachongeka vizuri. Wajapani huchonga kwenye mti wa cheri ya porini kwa sababu hiyohiyo: nyuzi zake ni ndogo na zimebana, zinabeba mstari mwembamba kama unywele.

Hatua ya 2: Randa, msasa, na brashi ya waya

Piga randa kufuata nyuzi mpaka uso uwe sawa. Kisha simamisha rula ya chuma juu ya ubao kwa ukingo wake, inama, utazame dirishani. Mwanga ukipenya chini ya rula, kuna bonde, na wino hautalifikia. Endelea na msasa namba 120, halafu 180, halafu 240, ukiuzungushia kipande cha mbao. Ukishika msasa kwa vidole vitupu utachimba mabonde mapya. Futa vumbi kwa brashi kisha kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Sasa chukua ubao wa nguzo, maana huu una kazi ambayo plaiwudi haiwezi. Nyuzi za msindano ni za aina mbili zinazopishana: pana zenye rangi hafifu, laini, ambazo mti uliziotesha haraka, na nyembamba nyeusi, ngumu, zilizoota polepole. Pitisha brashi ya waya kufuata nyuzi, ukikandamiza kiasi, mara ishirini hivi pale pale. Zile laini zinakwanguka, ngumu zinabaki zimenyanyuka. Pitisha ukucha kwa kukatisha. Ukisikia matuta madogo kama ya kitana, acha. Ukichapa, kila nguzo itajaa michirizi ya wima, na michirizi hiyo inafanana kabisa na njia za maji kwenye udongo wa Isimila. Hakuna patasi itakayokupa mstari wa namna ile.

Edvard Munch, mchoraji Mnorwe, alifanya hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Aliacha nyuzi za mbao zionekane, na alikata ubao vipande kwa msumeno, akapaka kila kipande rangi yake, kisha akavirudisha pamoja na kuchapa mara moja.

Hatua ya 3: Ziba vinyweleo

Mbao kavu inakunywa wino, na inakunywa bila usawa. Paka shelaki (aina ya vanishi) nyepesi, mkono mmoja tu, kwenye ubao wa anga na wa mistari. Iache ikauke, kisha sugua kwa msasa wa 240 uliochakaa. Ubao wa nguzo paka nyepesi zaidi ili isijaze ile mifereji uliyoihangaikia. Mwisho futa nyuso zote kwa wino mweusi wa maji uliozimuliwa sana. Kila utakapochonga, mbao nyeupe itajitokeza, na utaiona picha kabla ya kuichapa.

Hatua ya 4: Hamisha mchoro na weka kona

Picha hutoka kinyume. Chora kwenye karatasi inayopenyeza mwanga, igeuze, weka karatasi ya kaboni chini yake, pitia mistari. Kama una maneno, yasome kwenye kioo kabla ya kuyagusa kwa patasi.

Chonga ubao wa mistari kwanza (namna ya kuchonga na kupaka wino iko Hatua ya 5 na ya 6). Ukishamaliza, chapa mistari hiyo kwenye karatasi laini na, wino ukiwa bado mbichi, ilaze karatasi juu ya ubao wa anga na uisugue, kisha fanya hivyo kwa ubao wa nguzo. Sasa mbao zote zina mchoro mmoja na huhitaji kukisia.

Ili karatasi ikae palepale kila mara, tengeneza kitako: kipande cha plaiwudi kikubwa kuliko ubao, chenye vijiti viwili vilivyogongewa kuwa kona ya kusukumia ubao. Nje ya ubao, upande wa chini, bandika kona ndogo ya kadi kwa ajili ya pembe ya karatasi, na kizuizi kimoja kilichonyooka mbele kidogo. Kila karatasi ianze kwenye kona, ndipo ifuate kizuizi.

Hatua ya 5: Chonga

Kwa kisu chenye ncha, kata pande zote mbili za mstari ukikiinamisha kisu ili mstari uwe mpana chini na mwembamba juu, kama tuta la shamba. Ukikata kwa kuingia chini ya mstari, utavunjika katikati ya uchapaji. Kisha ondoa mbao inayobaki kwa patasi ya mdomo wa mviringo, kina cha milimita 2 au 3. Mkono usioshika patasi ukae nyuma ya makali daima. Noa kila baada ya nusu saa, maana patasi butu haikati msindano, inauponda.

Hatua ya 6: Changanya na paka rangi

Natumia wino wa ofseti, ule wa makopo unaopatikana kwa wachapaji. Utoe kidogo juu ya kioo, uponde kwa kisu cha kupigia skimu mpaka ulainike. Kwa njano na kahawia, ongeza wino usio na rangi, karibu nusu kwa nusu, ili rangi ya chini ionekane kupitia ya juu.

Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku inafanya wino uwe mgumu kama asali iliyoganda. Weka kopo juani, au kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Usiongeze mafuta ya alizeti ya kupikia. Hayakauki upesi, na baada ya wiki utaona duara la mafuta limezunguka kila umbo. Mafuta hayo yatunze kwa kusafishia.

Sukuma rola kwenye kioo, nyanyua, rudia. Sikiliza. Wino ukiwa mwingi, rola inalia kama nyayo kwenye tope. Ukiwa sawa, inanong'ona, mlio mwembamba kama mvua ya manyunyu kwenye bati. Hapo paka ubao, tabaka jembamba mara tatu au nne, ukibadili mwelekeo. Kwenye ubao wa nguzo usikandamize, la sivyo wino utajaza mifereji.

Anza na rangi nyepesi: njano, kisha kahawia, mwisho nyeusi. Laza karatasi, sugua kwa mgongo wa mwiko wa mbao kuanzia katikati kwenda nje. Nyanyua pembe moja uchungulie. Pakiwa na upungufu, rudisha na usugue hapo tu. Chapa tatu au nne za kwanza zitafifia kwa kuwa ubao bado unakunywa. Zichape kwenye karatasi ya kaki.

Hatua ya 7: Kausha na hifadhi

Anika kwa vibanio vya nguo kwenye kamba ndani ya nyumba. Wakati wa joto, siku mbili kati ya rangi na rangi hutosha, lakini kwenye ukungu wa Mufindi subiri hata tano. Gusa kwa kidole penye wino mzito. Kikinata, ongeza siku.

Safisha ubao kwa kitambaa chenye mafuta ya alizeti, kisha kingine chenye sabuni kidogo sana, na ufute ukauke. Hifadhi mbao zikiwa zimesimama kwa ukingo, mbali na ukuta wa saruji na mbali na jiko. Nyuma ya kila ubao andika jina la picha, rangi, na mshale unaoonyesha juu ni wapi.