Kusafisha mkanda wa picha nyumbani kwa dawa nyepesi, hapa kwetu Wete, Pemba

Wakati wa kaskazi maji ya bomba hapa Wete hutoka na joto la nyuzi 28, pengine 29, na maelekezo ya viwandani yamepigiwa hesabu ya nyuzi 20. Chukua mkanda wa HP5, wa picha nyeusi na nyeupe, na Rodinal, dawa ya kutoa picha kwenye mkanda. Ukichanganya sehemu 1 ya dawa kwa 25 za maji, kwa nyuzi 20 unahitaji dakika 6. Kwa joto letu zinashuka chini ya 3, na dawa inayokimbia hivyo haishiki sawasawa; mbingu inatoka na mabaka. Kwa hiyo mimi nachanganya 1 kwa 50: dakika 11 kwa nyuzi 20, kama 7 na nusu kwa nyuzi 24. Nyuzi 24 tunaziweza kwa barafu kidogo.

Faida nyingine naipenda zaidi. Napiga picha za karafuu zilizoanikwa na wazee waliovaa kanzu, saa sita mchana, jua la utosi. Dawa nyepesi isiyotikiswa sana huchoka mapema penye mwanga mkali, huku kwenye kivuli ikiendelea taratibu. Mikunjo ya kanzu inabaki, na uso ulio chini ya kofia unaonekana.

Ngoja baada ya isha, kumepoa. Jasho ni adui mkubwa: mkanda ukipata unyevu hunata kwenye rili ya plastiki unayouviringia, hauendi mbele haurudi nyuma. Jifute mikono mpaka viwiko kabla ya kuiingiza kwenye mfuko mweusi usiopitisha mwanga, ambamo unauviringa mkanda. Mkanda ukishafunikwa ndani ya tangi, litoe mfukoni.

Weka chupa za maji yaliyoganda kwenye beseni, kisha simamisha humo vyombo vyenye maji ya dawa, fiksa (dawa ya kukaza picha isiharibiwe na mwanga) na maji ya kuoshea. Vyote viwe nyuzi 24. Mkanda ukitoka kwenye ubaridi ukaingia ghafla kwenye joto, utando wake unaweza kufanya makunyanzi, na hayo hayatoki tena.

Vaa glavu, Rodinal inaunguza ngozi. Kwa bomba la sindano la duka la dawa vuta ml 6, tia kwenye ml 300 za maji. Mimina tangini, pindua kwa nusu dakika, kisha mara nne tu kila dakika. Gonga tangi chini kutoa mapovu. Dakika 7 na nusu zikiisha mwaga dawa, haitumiki mara ya pili. Suuza kwa maji matupu, tia fiksa dakika 5.

Kuosha hakuhitaji bomba lililo wazi, na maji yetu yenyewe ya mgao. Jaza tangi, pindua mara 5, mwaga. Jaza, mara 10, mwaga. Jaza, mara 20. Suuzo la mwisho natumia maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa, na tone moja la sabuni ya vyombo, kwa sababu maji ya visima huacha madoa ya chokaa. Anika chooni, feni imezimwa, kibanio kizito chini.

Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha. Usiimwage karibu na kisima. Iweke kwenye dumu.

Asubuhi tazama negativu dirishani. Vivuli vikiwa na alama lakini picha nzima imefifia, safari ijayo ongeza dakika moja. Vivuli vikiwa vitupu kabisa, ongeza mwanga wakati wa kupiga; dawa haitakusaidia hapo.