Kutoka Windows 10 hadi 11 ukiwa nyumbani Lamu, bila kupoteza picha wala kumaliza bando

Assalam aleikum ndugu zangu. Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 simu yangu haipumziki, huyu lapi yake yamletea onyo kila asubuhi, yule alijaribu kuapgredi mwenyewe usiku ikakwama katikati, mwengine amefomati kabisa na sasa Wi-Fi haionekani. Mimi natengeneza kompyuta za watu hapa Langoni, nyingi ni za nyumbani, za walimu, za wenye vyumba vya wageni na vijana wa chuo, na kila siku naona jambo lile lile, shida hutoka kwa kitu mtu alichokiruka kabla hajaanza. Kwa hivo nusu nzima ya mwongozo huu ni maandalizi, nawaomba msiiruke.

Ntawaambia lililonipata mwenyewe. Mjomba wangu aliniletea lapi yake, ndani mna hesabu zake zote za mashua, nani amelipa, nani ana deni, na picha za harusi ya binti yake. Nikaona mashini ni nzuri, nikaingia BIOS, ile mipangilio ya ndani inayofunguka kabla ya Windows, nikawasha Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, ili Windows 11 ikubali. Nlipowasha tena ikatoka skrini ya buluu ya BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski, yataka ufunguo wa tarakimu 48. Mjomba hajui BitLocker ni nini, lapi aliwekewa na binamu yangu Mombasa kwa akaunti ya imeili ya huyo binamu. Tulimpata baada ya swala ya Isha, akafungua akaunti yake akaanza kunisomea kwa simu, mafungu manane ya tarakimu sita sita, tulipofika fungu la tano stima ikapotea na betri ya lapi ilikuwa imekufa siku nyingi. Tukaanza upya stima iliporudi. Ilifunguka alhamdulillah, lakini yale masaa mjomba ameketi barazani kimya sitayasahau, na kosa lilikuwa langu, sikuuliza kabla ya kugusa.

HATUA YA 1: Jua kama mashini yako yaweza

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, utaona uko na Windows gani. Kisha fanya hivo hivo andika tpm.msc, hii ni ya kuangalia TPM, chipu ya usalama ambayo Windows 11 yaitaka, tafuta chini palipoandikwa Specification Version, yafaa iwe 2.0. Ikisema haioni TPM usikate tamaa, mara nyingi iko lakini imezimwa ndani ya BIOS, kwa Intel huitwa PTT na kwa AMD huitwa fTPM. Usiiwashe sasa, ngoja hatua ya 2.

Halafu prosesa. Hizi lapi za ex-UK, mitumba ya Uingereza, tunazonunua wengi wetu ndo zenye tatizo hapa. Angalia jina la prosesa, kwa mfano i5-8250U, namba inayofuata kistari ni 8, hio ni jenereshoni ya nane na yakubalika. i5-6300U ni ya sita, i5-7200U ni ya saba, hizo hazimo kwenye orodha ya Microsoft. Namba ikianza na 1 soma tarakimu mbili za mwanzo, 1135G7 ni ya kumi na moja. Ramu angalau gigabaiti 4, lakini kusema kweli kwa 4 utateseka, tia 8. Diski angalau 64.

Kama yako haikubaliki, najua kuna njia za kuilazimisha na zafanya kazi, mimi siwawekei watu wa nyumbani manake Microsoft hawakuahidi kuwa mashini hio itaendelea kupata apdeti, na mama wa watu hatajua imeacha kupata. Heri ujiandikishe ule mpango wao wa nyongeza wa apdeti za usalama, unaofika hadi 13 Oktoba 2026, au badala ya Windows uweke Linux Mint ambayo ni bure na kwa kazi za kuandika na kuingia intaneti yatosha kabisa.

HATUA YA 2: Ufunguo wa BitLocker, kabla ya kitu chochote

Kwenye sehemu ya kutafuta andika cmd, ndo dirisha la kuandikia amri, bonyeza kulia uifungue kama administreta, kisha andika:

manage-bde -status

Ukiona imeandikwa Protection On kwenye C, diski yako imefungwa. Sasa andika:

manage-bde -protectors -get C:

Utaoneshwa zile tarakimu 48. Chukua kalamu na karatasi uziandike, mafungu manane, kisha uzisome tena moja moja ukilinganisha. Picha ya simu pia piga lakini karatasi iwepo. Usiuhifadhi ufunguo ndani ya lapi hio hio, ikijifunga utaufungulia wapi? Ufunguo ukishakuwa kwenye karatasi, au diski haikufungwa, sasa ndo uingie BIOS uiwashe ile TPM ya hatua ya 1 kama ilikuwa imezimwa.

HATUA YA 3: Toa mali yako nje

Watu wakisikia bakapu wanakopi Documents basi. Angalia na Desktop, Downloads, Pictures, na ile diski D kama unayo. Fungua brauza utoe pasiwedi zako au uhakikishe zimeingia kwenye akaunti. Kama watumia Outlook ya zamani, imeili zako ziko kwenye faili la pst, litafute. Kama ulinunua Office kwa kadi ya namba tafuta hio kadi.

Na baada ya kukopi, hii ndo sehemu wengi hawaifanyi, chomoa ile diski ya nje uichomeke kwenye kompyuta nyengine na ufungue mafaili matano sita, picha ya zamani, eksel kubwa, video. Hapa kwetu hewa ya chumvi yala kila kitu, nshaona fleshi yaonekana imejaa mafaili na hata moja halifunguki, ukiangalia kile kichwa cha chuma kina madoa ya kijani. Tundu za USB za lapi nazo ni vivyo hivyo, ukichomeka ikawa yaingia yatoka yenyewe jaribu tundu nyengine, usikopi kitu cha maana hapo.

Sasa draiva, zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kutumia vifaa vya mashini. Tengeneza folda kwenye diski ya nje, tuseme diski hio ni E na folda umeiita draiva, kisha kwenye ile cmd ya administreta andika:

dism /online /export-driver /destination:E:\draiva

Itakopi draiva zote zilizoongezwa kwenye mashini yako, ya Wi-Fi, ya sauti, ya skrini. Dakika chache tu na itakuokoa huko mbele.

HATUA YA 4: Kudaunlodi bila kumaliza bando

Faili la Windows 11, lile la ISO lenye Windows nzima ndani, lapita gigabaiti 5. Kabla ya kununua bando nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi yako uiwekee alama ya Metered, yaani intaneti ya kupimwa, ili apdeti nyengine zisianze kunywa bando lako kwa nyuma. Lichukue kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, usichukue kwa mtu kwenye fleshi ambayo hujui imepita wapi. Linki wanayokupa yafanya kazi masaa 24 tu, kwa hivo ikikatika usingoje kesho kutwa. Kama nyumbani muko na lapi mbili tatu daunlodi mara moja, faili ni lile lile kwa zote.

HATUA YA 5: Kuapgredi, kila kitu kibaki pahala pake

Hii ndo njia ya kwanza kujaribu. Hakikisha C ina nafasi, mimi sianzi kama hakuna gigabaiti 30 wazi. Chomoa printa, fleshi zote, diski ya nje. Kama umeweka antivirasi ya kununua iondoe kwa muda. Chaja ndani, na kama betri ya lapi yako imekufa tafadhali usianze siku ambayo stima yachezacheza, azima betri au fanyia kwa mtu mwenye UPS, ile betri ya akiba ya stima. Na uiweke mezani, si kitandani, wakati wa kaskazi joto lake si la mchezo na mashini itafanya kazi masaa mawili matatu bila kupumzika.

Dabo klik lile faili la ISO, litafunguka kama diski, ndani mna setup, ifungue. Skrini ya kwanza kuna maandishi madogo ya kubadilisha vile itakavyodaunlodi apdeti, bonyeza hapo uchague Not right now, la sivyo itavuta bando tena. Endelea hadi iulize nini kibaki, chagua Keep personal files and apps. Kisha wacha. Itajizima na kujiwasha mara kadhaa, kuna pahala itasimama kwenye asilimia ile ile kwa nusu saa nzima na utaona kama imekufa, ukiona taa ya diski yamemeta bado yafanya kazi. Usibonyeze kitufe cha kuzima.

Ikigoma itakupa namba. 0x80070070 maana yake nafasi haitoshi, rudi ufute. 0xC1900101 mara nyingi ni draiva, chomoa kila kilichochomekwa, apdeti draiva ya skrini na ya Wi-Fi, jaribu tena. Kwa mengine mimi huanza na hizi mbili kwenye cmd ya administreta, moja ikimaliza ndo nyengine:

dism /online /cleanup-image /restorehealth
sfc /scannow

Ile ya kwanza yatumia intaneti, ijue. Mara nyingi hizo zamaliza.

Ukishaingia 11 na huipendi au printa ya ofisi haikubali, uko na siku 10 za kurudi 10, ingia Settings, System, Recovery, bonyeza Go back. Folda ya Windows.old usiifute kabla ya hapo hata kama yala nafasi, ndo inayokurudisha.

HATUA YA 6: Ikibidi kufomati

Mashini iliyojaa virusi, au iliyokataa kila kitu, hio yafomatiwa. Na kama bado uko na diski ya zamani ile ya kuzunguka, hapa ndo pahala pa kutia SSD, diski ya kasi isiyozunguka, usipoteze siku yako kuweka Windows 11 juu ya diski ya kuzunguka. Ukiagiza Mombasa yaja na basi hadi Mokowe kisha boti, siku mbili tatu unayo.

Fleshi iwe ya gigabaiti 8 kwenda juu na kila kilichomo kitafutika. Tumia Media Creation Tool ya Microsoft, au Rufus kama ISO unayo tayari, zote ni programu za kutia Windows kwenye fleshi. Zima lapi, chomeka, washa huku wabonyeza F12 kwa Dell na Lenovo nyingi, kwa HP ni Esc halafu F9.

Ikiomba ufunguo wa Windows chagua I don't have a product key. Lapi iliyokuwa na Windows halali leseni yake imefungamana na bodi yake na itajiwasha yenyewe ukiingia mtandaoni, mradi uchague aina ile ile, kama ilikuwa Home weka Home, ilikuwa Pro weka Pro. Hapa ndo watu hukosea kisha waenda kununua ufunguo wasiouhitaji, au waweka vile viprogramu vya wizi vinavyoleta virusi upya.

Itakuja orodha ya diski. Simama hapa, pumua. Ile diski ya nje yenye bakapu yako isiwe imechomekwa, narudia, isiwe imechomekwa. Futa vipande vyote vya diski ya ndani hadi ibaki moja imeandikwa Unallocated Space, ichague uendelee. Ikiwa orodha ni tupu kabisa na lapi ni ya jenereshoni ya 11 au juu zaidi, diski haijafa, yakosa draiva ya Intel VMD, itafute kwenye tovuti ya waliotengeneza lapi, ifungue kwenye fleshi, kisha bonyeza Load driver.

Baadaye itataka intaneti na Wi-Fi haipo. Usihangaike. Chukua simu yako ya Android, ichomeke kwa waya, washa kugawa data kwa USB, lapi itaiona kama waya wa mtandao. Ukishaingia ndani fungua Device Manager, kila penye alama ya manjano bonyeza kulia, apdeti draiva, uielekeze kwenye ile folda ya draiva ya hatua ya 3.

HATUA YA 7: Kabla ya kumrudishia mwenyewe

Angalia Settings, System, Activation, iseme Active. Rudisha mafaili, fungua tena yale matano sita. Kisha rudia hatua ya 2, manake Windows 11 za sasa ukiingia kwa akaunti ya Microsoft zaweza kuifunga diski zenyewe bila kukuuliza, na ufunguo ni mpya, ule wa zamani hautafaa. Akaunti iwe ya mwenye lapi, si ya binamu, si ya fundi. Ufunguo wa mjomba nlimuandikia kwa kalamu kwenye karatasi ngumu, ameutia kwenye bahasha moja na hati ya nyumba.