Kabla hujaihitaji Katiba

Wakenya wengi hukumbuka kwamba kuna Katiba siku wanapotiwa pingu, na siku hiyo hakuna atakayekungoja ufunue kurasa. Itafute mapema. Unayoitaka ni ya 2010, iliyopitishwa kwa kura ya maamuzi tarehe 4 Agosti na kuzinduliwa tarehe 27 mwezi huo huo. Iweke kwenye simu, lakini pata na kile kitabu chake, kwa sababu ukishafikishwa kituoni simu huwa si yako tena. Tafsiri ya Kiswahili ipo na inasaidia. Ila Kifungu cha 259 kinasema matoleo yakikinzana, la Kiingereza ndilo linaloshika. Inaudhi, maana Kifungu cha 7 kinakiita Kiswahili lugha ya taifa.

Vifungu vyenyewe ni 264, kwa hiyo usijitese kuanzia cha kwanza. Nenda Sura ya Nne, ile ya haki, cha 19 hadi 59, na ukisoma tazama kama kifungu kinasema "kila mtu" au "kila raia". Haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali (35) ni ya raia. Ya kuandamana kwa amani bila silaha (37) ni ya kila mtu.

Cha 49 ndicho cha kusoma mara tatu. Ukikamatwa, uambiwe mara moja sababu, kwa lugha unayoielewa, unaweza kunyamaza, una haki ya kuwasiliana na wakili. Andika nambari ya wakili au ya ndugu kwenye karatasi, au ikariri kabisa. Halafu kuna zile saa 24 za kukufikisha mahakamani, ambazo kila mtu huzitaja na wachache humaliza kuzisoma. Tuseme umekamatwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Saa 24 zinaisha Jumamosi jioni, mahakama imefungwa. Katiba inasema katika hali hiyo ufikishwe kabla ya mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, yaani Jumatatu. Ndiyo maana kamatakamata za Ijumaa zinaogopwa, na ndiyo maana kelele za "saa 24 zimepita!" Jumapili asubuhi hazimtikisi afisa wa zamu. Kitakachomtikisa ni kumwuliza kuhusu dhamana, na kumkumbusha kwamba kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, si la kumweka mtu rumande.

Pitia pia cha 24, kinachoeleza jinsi haki inavyoweza kuwekewa mipaka kwa sheria, na cha 25, chenye zile zisizoguswa kamwe: kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kusikilizwa kwa haki, na kupata amri ya mahakama inayomlazimu anayekuzuilia akufikishe mbele yake (habeas corpus).

Je, haki yako ikivunjwa? Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda mahakamani, wewe mwenyewe au kwa niaba ya asiyeweza, na kufungua kesi ya namna hiyo hakulipishwi ada. Mara nyingi, hata hivyo, safari huanza na barua tu ya kuomba habari, kwa mfano hesabu za barabara ya kijijini kwenu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, au saa 48 ikiwa uhai au uhuru wa mtu umo hatarini. Siku hizo huhesabiwa tangu barua ipokelewe, basi nenda na nakala mbili, na usiondoke dirishani kabla yako haijapigwa muhuri wenye tarehe.